Mahali pa Programu Iliyojengwa Nyumbani: Suala la Umiliki wa Saraka katika Mifumo ya Aina ya Unix

IKISIRI

Makala hii inachunguza swali ambalo huonekana dogo lakini huzaa hasara kubwa linapopuuzwa: programu iliyojengwa kutoka msimbo chanzo kwenye tarakilishi yenyewe iwekwe wapi katika mfumo wa aina ya Unix? Hoja kuu ni kwamba swali hili si la nafasi bali ni la umiliki. Kila tawi la mti wa saraka lina mwenyewe, na anayeweka kitu chake katika tawi la mwingine hana budi kutarajia kwamba siku moja mwenye tawi atalifagia. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala inapitia historia fupi ya saraka za Unix, inabainisha wamiliki wanne wa mti, kisha inatumia mfano wa Hunspell, programu ya kukagua tahajia inayowafaa watafiti wa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Uhusiano wa Kiswahili na programu huria si jambo geni. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotumia Kiswahili. Tangu hapo, wanafunzi wengi wa isimu wamejikuta wakifanya kazi katika mifumo ya Linux, ama kwa kuunda mikusanyiko ya matini, ama kwa kutunga kanuni za uchanganuzi wa maneno. Aghalabu mtafiti wa aina hii hufika mahali ambapo programu anayoihitaji haipo katika mfumo wake, au ipo lakini ni toleo kuukuu. Hapo hulazimika kuuchukua msimbo chanzo na kuijenga programu mwenyewe.

Mfano wa kubuni utaliweka suala hili wazi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anatafiti mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili. Kwa miezi minane anaandika faili ya kanuni za viambishi ili Hunspell iweze kuyatambua maneno kama vile wanasomeshana na hawajapikiana. Toleo la Hunspell lililo katika tarakilishi ya maabara ni la zamani, kwa hiyo anajenga toleo jipya na kulisakinisha ndani ya saraka ya /usr, juu ya lile la awali. Faili yake ya kanuni nayo anaiweka katika /usr/share/hunspell kwa jina sw_TZ.aff, akiifuta iliyokuwapo. Kila kitu kinafanya kazi, na moyo wake unatulia. Majuma matatu baadaye, msimamizi wa maabara anausasisha mfumo mzima. Programu mpya inatoweka na kurudishiwa ya msambazaji; faili ya kanuni iliyogharimu miezi minane inafunikwa na nyingine yenye jina lilo hilo.

Nani alaumiwe? Msimamizi alitimiza wajibu wake. Programu ya kusimamia vifurushi nayo ilitimiza wajibu wake, kwani faili zile zilikuwa zimeandikwa katika daftari lake kuwa mali yake. Kosa lilikuwa moja tu, nalo ni la mahali. Mwanafunzi alijenga nyumba yake katika shamba la mwenziwe.

2.0 UFAFANUZI WA ISTILAHI

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kufafanua istilahi chache jinsi zinavyotumika humu.

Mifumo ya aina ya Unix ni jamii ya mifumo endeshi iliyorithi muundo na desturi za Unix. Miongoni mwayo ni Linux, FreeBSD, OpenBSD, NetBSD na macOS.

Saraka ni chombo kinachohifadhi faili na saraka nyingine. Saraka zote za Unix huunda mti mmoja ambao shina lake huandikwa kwa mkwaju mmoja tu: /. Kila kilicho katika mfumo huweza kufikiwa kutoka hapo.

Msambazaji ni yule anayeziunganisha programu nyingi kuwa mfumo mmoja kamili na kuutoa kwa watumiaji. Debian, Ubuntu na Fedora ni baadhi ya wasambazaji wa Linux. Msambazaji hutoa programu zake kwa vifurushi, na kila mfumo huwa na kisimamizi cha vifurushi, yaani programu inayovisakinisha, kuvisasisha na kuviondoa, huku ikiweka daftari la kila faili iliyoingizwa.

Msimamizi wa mfumo ni mtu mwenye mamlaka juu ya mashine fulani. Mtumiaji ni yeyote mwenye akaunti katika mashine hiyo. Mtu mmoja huweza kuwa vyote viwili, hasa katika tarakilishi yake binafsi, lakini nafasi hizi mbili hazina budi kutofautishwa.

Mwisho, kujenga programu ni kuupitisha msimbo chanzo, ambao binadamu huweza kuusoma, katika kompaila ili upatikane msimbo unaotekelezwa na mashine. Programu iliyojengwa nyumbani ni ile iliyojengwa kwenye mashine itakakotumika, au kwa ajili ya mashine hiyo mahususi, nje ya vifurushi vya msambazaji.

3.0 USULI WA MTI WA SARAKA

Unix ilianza mwaka wa 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, waasisi wake wakuu wakiwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika miaka hiyo ya mwanzo, saraka ya /usr ilikuwa makao ya watumiaji, na jina lenyewe linaashiria hivyo. Diski za wakati huo zilikuwa ndogo mno. Diski iliyobeba mfumo ilipojaa, baadhi ya programu za mfumo zilihamishiwa katika diski ya pili, ile iliyokuwa na saraka za watumiaji. Hivyo ndivyo kulivyotokea /bin na /usr/bin, saraka mbili zenye kazi inayofanana. Baadaye watumiaji walitafutiwa makao mengine, ambayo katika Linux ni /home, na /usr ikabakia kuwa mali ya mfumo huku ikiendelea kubeba jina la wapangaji waliokwisha kuhama.

Mgawanyo uliozaliwa na udogo wa diski ulidumu kwa miongo kadhaa. Fedora ilianza kuziunganisha /bin na /usr/bin katika toleo lake la 17 la mwaka wa 2012, na Debian ikaufanya muungano huo kuwa wa lazima katika toleo lake la 12 la mwaka wa 2023. Historia hii inafunza kwamba majina ya saraka si mwongozo wa kutosha. Anayetaka kujua mahali pa kuweka kitu sharti aulize saraka ile ina kazi gani leo na ni ya nani.

Jibu rasmi la swali hilo kwa upande wa Linux lilianza kuandikwa mwezi wa Februari 1994, ulipotolewa waraka wa kwanza wa kusanifisha mpangilio wa saraka. Waraka huo ulipanuliwa ili kuihusisha mifumo mingine ya aina ya Unix, na kuanzia mwaka wa 1997 ukajulikana kwa kifupi FHS. Toleo la 2.3 lilitoka mwaka wa 2004 na toleo la 3.0 mwezi wa Juni 2015. Waraka huu ni mapatano tu, wala hauna askari wa kuutekeleza. Hata hivyo, wasambazaji wakubwa wa Linux huufuata kwa kiasi kikubwa, na ndio msingi wa sehemu inayofuata.

4.0 WAMILIKI WANNE WA MTI

4.1 Saraka ya /usr: Mali ya Msambazaji

Programu nyingi za mfumo hukaa katika /usr. Humo mna /usr/bin yenye programu zinazotekelezwa, /usr/lib yenye maktaba za msimbo, na /usr/share yenye data isiyotegemea aina ya mashine, kama vile kamusi na kurasa za mwongozo. Ukiondoa tawi la /usr/local litakalojadiliwa baadaye, eneo hili ni milki ya kisimamizi cha vifurushi. Kisimamizi kina haki ya kufuta, kubadilisha na kuongeza faili humo bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa kinadhani kwamba kila kilichomo kiliwekwa nacho.

Kanuni inayotokana na hali hii ni rahisi: programu iliyojengwa nyumbani isisakinishwe moja kwa moja katika /usr. Anayeivunja kanuni hii hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni ile iliyompata mwanafunzi wa mfano wetu, yaani kazi yake kufutwa. Ya pili hujificha zaidi: huenda maktaba aliyoiweka ikafunika maktaba ya msambazaji inayotegemewa na programu nyingine kadhaa, na programu hizo zikaanza kuanguka bila sababu inayoonekana.

4.2 Saraka ya /usr/local: Mali ya Msimamizi

Ndani ya /usr kuna kiwanja kimoja ambacho msambazaji hakigusi, nacho ni /usr/local. Waraka wa FHS unakitenga kiwanja hiki kwa matumizi ya msimamizi anaposakinisha programu za mahali pale, na unasisitiza kwamba kilichomo kiwe salama mfumo unaposasishwa. Mfumo mpya unapowekwa, /usr/local huwa na saraka tupu tu: bin, etc, include, lib, sbin, share, src na nyingine chache. Kwa hakika, ni nakala ndogo ya mti mkubwa, iliyoachwa wazi ili mwenyeji aijaze.

Hii ndiyo sababu desturi ya mradi wa GNU ni kuifanya /usr/local kuwa chaguo la msingi. Anayejenga programu kwa zana za GNU bila kutaja mahali huikuta imesakinishwa humo. Zana za CMake na Meson nazo hufuata desturi hiyo katika mifumo ya aina ya Unix. Kwa programu itakayotumiwa na watu wote wa mashine moja, hili ndilo jibu la kwanza, na mara nyingi ndilo jibu la mwisho.

4.3 Saraka ya /opt: Makao ya Wageni

Zipo programu zinazotoka kwa wauzaji au watayarishaji wa nje zikiwa zimekamilika, na zisizopenda kutawanya viungo vyake katika bin, lib na share. Kwa hizo imetengwa /opt. Kila programu hupewa chumba chake, kwa mfano /opt/jina, na vitu vyake vyote hukaa humo. Usanidi wake huwekwa katika /etc/opt, na data inayobadilikabadilika katika /var/opt. Mfano maarufu ni Google Chrome, ambayo katika Linux hukaa ndani ya /opt/google/chrome.

Baadhi ya wasimamizi hupenda kuzitia humu hata programu walizozijenga wenyewe. Hoja yao ina uzito: programu yote ikiwa katika chumba kimoja, kuiondoa ni kufuta saraka moja. Gharama yake ni kwamba mfumo hautafuti programu katika vyumba hivyo mpaka uelekezwe.

4.4 Saraka ya Nyumbani: Mali ya Mtumiaji

Mmiliki wa nne ni mtumiaji wa kawaida. Mwanafunzi aliyepewa akaunti katika seva ya chuo hana mamlaka juu ya /usr/local, wala hahitaji kuyaomba. Desturi iliyokubalika ni kutumia saraka iliyofichwa ya .local ndani ya nyumba yake: programu huwekwa katika ~/.local/bin na data katika ~/.local/share, ambapo alama ya ~ husimamia saraka ya nyumbani. Kinachojengwa humu humfaa mwenyewe peke yake na hakiwezi kumdhuru mwingine. Kwa mtafiti anayejaribu toleo jipya kila wiki, hapa ndipo mahali bora pa kuanzia.

5.0 MFANO: KUJENGA NA KUSAKINISHA HUNSPELL

Hunspell ni programu huria ya kukagua tahajia iliyobuniwa na László Németh, kwanza kwa ajili ya Kihangari, lugha yenye viambishi vingi. Leo inatumiwa na LibreOffice na Mozilla Firefox, miongoni mwa programu nyingine. Kamusi yake huwa na faili mbili: moja ya orodha ya maneno, yenye kiishio cha .dic, na nyingine ya kanuni za viambishi, yenye kiishio cha .aff. Muundo huu unaifanya iwavutie watafiti wa Kiswahili, lugha ambayo mzizi mmoja wa kitenzi huzaa maumbo mengi mno kuweza kuorodheshwa moja baada ya jingine.

Kwa msimamizi anayetaka kuwasakinishia watumiaji wote, hatua za msingi baada ya kufungua msimbo chanzo ni hizi:

./configure --prefix=/usr/local
make
sudo make install
sudo ldconfig

Amri ya kwanza huichunguza mashine na kupanga ujenzi. Neno prefix hapa ndilo lenye kubeba umiliki wote uliojadiliwa: ndilo linaloamua programu itakaa katika tawi la nani. Baadhi ya misimbo chanzo, hasa inayochukuliwa moja kwa moja kutoka kwa watayarishaji, huhitaji kwanza amri ya autoreconf -vfi ili faili ya configure iundwe. Amri ya pili hujenga. Amri ya tatu huzinakili faili kwenye makao yake. Ya nne huufahamisha mfumo kwamba kuna maktaba mpya.

Ni vyema kutambua kwamba hatua mbili za kwanza hazihitaji mamlaka ya msimamizi. Ujenzi ufanywe kwa akaunti ya kawaida, na mamlaka yaombwe tu wakati wa kusakinisha. Anayejenga kwa mamlaka kamili tangu mwanzo humkabidhi mwandishi wa msimbo asiyemjua funguo za nyumba nzima.

Kwa mtumiaji asiye na mamlaka, kinachobadilika ni hiki tu:

./configure --prefix=$HOME/.local
make
make install

Kamusi nazo zina kanuni iyo hiyo. Hunspell hutafuta kamusi katika /usr/share/hunspell na saraka nyingine kadhaa za mfumo, hata pale programu yenyewe ilipojengwa nyumbani. Kwa hiyo toleo jipya huweza kuendelea kutumia kamusi za msambazaji bila kuzigusa. Mtafiti mwenye kamusi yake aiweke katika saraka yake, aipe jina lisilogongana na lililopo, kisha aielekeze programu kwa kigeu cha mazingira kiitwacho DICPATH:

export DICPATH=$HOME/.local/share/hunspell
hunspell -d sw_utafiti matini.txt

Amri ya hunspell -D huonyesha saraka zote zinazotafutwa na kamusi zilizopatikana. Laiti mwanafunzi wa mfano wetu angeipa faili yake jina la sw_utafiti.aff na kuiweka nyumbani kwake, mfumo ungesasishwa mara mia bila hata herufi moja kupotea.

6.0 MITEGO INAYOMKABILI MJENZI

6.1 Mpangilio wa Njia za Utafutaji

Mtumiaji anapoandika jina la programu, mfumo huitafuta katika orodha ya saraka iliyohifadhiwa katika kigeu kiitwacho PATH, na huishika ya kwanza kuonekana. Katika mifumo kama Debian, /usr/local/bin hutangulia /usr/bin. Hivyo programu iliyojengwa nyumbani huifunika ya msambazaji bila kuifuta. Anayetaka kujua ni nakala ngapi zilizopo na ipi itakayotekelezwa, aandike:

type -a hunspell

Kuhusu ~/.local/bin, baadhi ya mifumo huiingiza katika orodha mtumiaji anapoingia upya, mradi saraka hiyo iwe imekwisha kuwapo. Ndiyo maana mjenzi wa mara ya kwanza huona kwamba programu yake haionekani mpaka atoke na kuingia tena.

6.2 Maktaba Zisizoonekana

Tatizo jingine hujitokeza pale programu inapopatikana lakini ikakataa kuanza, ikilalamika kwamba haioni maktaba yake. Kipakizi cha maktaba kina orodha yake, ambayo ni tofauti na PATH. Debian huijumuisha /usr/local/lib katika orodha hiyo. Wasambazaji wengine, wakiwamo wa jamii ya Red Hat, kwa kawaida hawakuwa wakiijumuisha. Dawa ni kuongeza jina la saraka katika faili moja ndani ya /etc/ld.so.conf.d kisha kuendesha ldconfig. Mtumiaji asiye na mamlaka huweza kutumia kigeu cha LD_LIBRARY_PATH, japo kwa uangalifu, kwani huathiri kila programu anayoiendesha.

6.3 Programu Isiyo na Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya kifurushi na programu iliyojengwa nyumbani. Kisimamizi cha vifurushi huandika kila faili. Amri ya make install hunakili tu na kuondoka. Baada ya mwaka mmoja, /usr/local/lib huweza kuwa na makumi ya faili ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka wapi. Baadhi ya programu hutoa amri ya make uninstall, lakini hutegemea kuwapo kwa saraka ileile ya ujenzi, ambayo aghalabu huwa imekwisha kufutwa.

Ipo njia nzuri ya kulitatua tatizo hili. GNU Stow ni programu inayokiruhusu kila kitu kilichojengwa kukaa katika chumba chake, kisha huunda viungo vinavyokifanya kionekane katika /usr/local:

./configure --prefix=/usr/local/stow/hunspell-1.7.2
make
sudo make install
cd /usr/local/stow
sudo stow hunspell-1.7.2

Kuondoa ni kuandika sudo stow -D hunspell-1.7.2 mahali pale pale. Viungo hutoweka na chumba hubakia mpaka kifutwe. Kwa njia hii msimamizi hupata faida ya /opt, yaani kila programu kuwa mahali pamoja, bila kupoteza faida ya /usr/local, ambako mfumo tayari unatafuta. Fauka ya hayo, orodha ya saraka zilizo ndani ya stow ndiyo daftari lenyewe. Njia nyingine ni kuigeuza programu kuwa kifurushi kamili, ili kisimamizi cha vifurushi kiitambue. Hiyo ni kazi kubwa zaidi, ila huwafaa wasimamizi wenye mashine nyingi.

6.4 Wajibu wa Usalama

Umiliki huja na wajibu. Msambazaji huzifuatilia dosari za usalama na kutoa marekebisho. Msimamizi husasisha na mambo yakaisha. Programu iliyo katika /usr/local imetoka katika ulinzi huo. Mwezi wa Aprili 2014 ilipotangazwa dosari iliyoitwa Heartbleed katika maktaba ya OpenSSL, wasambazaji walitoa vifurushi vilivyorekebishwa upesi. Lakini nakala yoyote iliyokuwa imejengwa nyumbani haikuguswa na vifurushi hivyo. Msimamizi aliyesasisha mfumo wake huku akiwa ameisahau nakala hiyo aliweza kudhani kwamba yu salama ilhali mlango ulikuwa wazi. Kwa hiyo, kila anayejenga programu ajiulize kwanza: je, yupo atakayeijenga upya dosari itakapopatikana? Ikiwa jibu ni hapana, kifurushi cha msambazaji, hata kikiwa kikuukuu, ni afadhali.

7.0 JINA MOJA, WENYEWE TOFAUTI

Huenda msomaji akadhani kwamba suala zima linaweza kufupishwa kwa sentensi moja: weka katika /usr/local. Mifumo iliyo nje ya Linux inaonyesha kwa nini muhtasari huo hautoshi.

Katika FreeBSD, mfumo wa msingi hutayarishwa kama kitu kimoja, na programu nyingine yoyote huhesabiwa kuwa ya nyongeza. Kwa sababu hiyo, vifurushi vya FreeBSD husakinishwa ndani ya /usr/local. OpenBSD nayo hufanya hivyo. Humo, /usr/local si kiwanja kilichoachwa wazi. Tayari kina mwenyewe, naye ni kisimamizi cha vifurushi. Anayejenga programu kwa mkono na kuimimina humo hurudia kosa la yule mwanafunzi, ingawa anaifuata kanuni ya Linux neno kwa neno. NetBSD imechagua njia tofauti: vifurushi vyake huwekwa katika /usr/pkg, na /usr/local ikaachiwa msimamizi.

Kwa upande wa macOS, tangu toleo la mwaka wa 2015 lililoitwa El Capitan, saraka ya /usr inalindwa na mfumo wenyewe kiasi kwamba hata msimamizi mwenye mamlaka kamili hawezi kuandika humo kwa njia ya kawaida, isipokuwa katika /usr/local. Kilichokuwa desturi ya adabu kimegeuzwa kuwa ukuta. Hata hivyo, kisimamizi cha vifurushi cha Homebrew hutumia /usr/local katika mashine zenye vichakato vya Intel, na /opt/homebrew katika zile zenye vichakato vya Apple. MacPorts nayo hutumia /opt/local. Mwenye kujenga kwa mkono sharti ajue ni yupi kati ya hawa aliyetangulia kufika.

Mifano hii haiipingi hoja ya makala, inaithibitisha. Jina la saraka hubadilika maana kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kama vile neno moja linavyoweza kuwa na maana mbili katika lahaja mbili. Kisichobadilika ni swali la kuuliza: ni nani anayeandika humu, na je, ataheshimu kilicho changu?

8.0 HITIMISHO

Makala hii imejadili mahali panapofaa pa kusakinisha programu zilizojengwa nyumbani. Imebainika kwamba /usr ni ya msambazaji na haifai kuingiliwa. Kwamba katika Linux /usr/local ni ya msimamizi, nayo ndiyo chaguo la kwanza kwa programu ya watu wote. Kwamba /opt hufaa programu inayojitegemea katika chumba chake. Na kwamba saraka ya nyumbani humtosha mtumiaji anayejijengea mwenyewe. Aidha, imeonyeshwa kwamba nje ya Linux majina haya huweza kuwa na wamiliki wengine, na kwamba anayejenga huchukua pia wajibu wa kuweka daftari na kulinda usalama.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo lililo muhimu zaidi linahusu kazi yao wenyewe. Programu iliyofutwa huweza kujengwa tena kwa muda wa dakika chache, kwa kuwa msimbo chanzo wake upo. Faili ya kanuni za viambishi, orodha ya maneno yaliyokusanywa kijijini, matini zilizonukuliwa kutoka kwa wazee: hizi hazina msambazaji wa kuzirudisha. Ziwekwe katika tawi la mwenyewe, kwa jina la mwenyewe, na nakala yake itunzwe mahali pengine. Akiba haiozi, lakini sharti kwanza iwe imewekwa katika ghala la mwenye akiba.